Je, wajua kwa nini herufi za Kichina hazinasi sauti ya msimuliaji wa Kichina?

Nilipoulizwa kwa nini watafiti wanahangaika kuwarekodi wasimuliaji wa Yangzhou, mashariki mwa China, nilijibu bila kusita: wale wanakariri riwaya za kale, na riwaya zimeshachapishwa, sasa kinachopotea ni nini?

Nilikosea, tena vibaya. Kisa cha Wu Song, shujaa aliyemuua simbamarara kwa ngumi, kinachukua sura 10 za mojawapo ya riwaya hizo. Msimuliaji Wang Shaotang (1889–1968) alikirithi kwa baba yake, mdomo kwa sikio, mwaka baada ya mwaka. Kisa hicho kilipochapishwa mwaka 1959 kutokana na masimulizi yake, kilizidi herufi 800,000. Ni kama mara kumi ya kilivyo riwayani!

Basi kitabu hicho si kimemaliza kazi? Hapana. Andika 8. Mswahili atasoma nane, Mfaransa huit, na wote wameelewa. Lakini kwa kuitazama 8 peke yake, utajuaje aliyeiandika aliitamka vipi? Herufi za Kichina zinakaribia kuwa hivyo. Nyingi zina dalili ya sauti ndani yake, ila dalili hiyo haikuonyeshi lafudhi. Chukua 八, ambayo ndiyo nane yenyewe. Mtu wa Beijing husema ba, sauti ikienda hadi mwisho. Wa Yangzhou huikata ghafla kooni, mkato uleule tunaousikia tukikataa jambo: "a-a!"

Na msimuliaji hana lafudhi moja. Mashujaa huwasemesha kwa "mdomo mraba", matamshi ya kisomi, mazito. Mhudumu wa mkahawa huongea kwa "mdomo duara", Kiyangzhou cha haraka cha mtaani. Neno la "chini" litakuwa xia kwa mmoja na ha kwa mwingine, na kwenye karatasi ni herufi ileile, 下. Hata kama wahariri wa kitabu wangebakiza kila neno, na hawakubakiza, mabadiliko hayo yasingeonekana.

Ndiyo maana sifa za Liu Jingting, bingwa wa karne ya 17, zisomwe kwa tahadhari: wasomi wa zama zake walimsifu sana, lakini sauti yake hatunayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtafiti Vibeke Børdahl wa Denmark na wenzake waliwarekodi kwa video mabingwa wanne, takriban saa 360. Nakala ipo Maktaba ya Bunge la Marekani. Humo kibao cha mbao kinagongwa mezani, ukumbi unatulia, na ba inasikika ikikatika kooni.