Mishale kwenye bei za samaki: dhana potofu kuhusu HTML iliyomo ndani ya mlisho

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alikuwa akinunua samaki kwenye soko la Deep Sea, hapa Tanga mjini, na kuwauzia wenye vibanda Ngamiani. Kikundi chao kilitaka bei za asubuhi zisomeke kwenye simu, nami nikawaandalia mlisho wa RSS, yaani faili la XML linaloorodhesha habari mpya, pamoja na faili la XSLT, lugha ya kugeuza XML, ili ugeuke kuwa ukurasa. Siku ya kwanza tu akanipigia. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, mbona bei zimezungukwa na mishale?" Nikafungua, nikakuta mstari huu kwenye kioo, herufi kwa herufi:

`<p>Changu: <b>bei imepanda</b></p>`

Mishale yenyewe ni tagi za HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ambazo zilitakiwa zifanye kazi na zisionekane. Tangu siku hiyo vijana wengi wameniletea tatizo hilohilo, kila mmoja na dawa aliyopewa na mwenzake. Nyingi za dawa hizo hazitibu.

Dhana: ukiifunga HTML kwa CDATA, inakuwa HTML kweli.

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote. CDATA ni alama ya kufungia maandishi ndani ya XML, nayo inakiambia kichanganuzi cha XML, yaani programu inayoisoma, kinyume chake kabisa: kila kilichomo humu ni maandishi matupu, usitafute tagi. Ukiandika `<![CDATA[<b>changu</b>]]>` au ukiandika `&lt;b&gt;changu&lt;/b&gt;`, baada ya kusomwa hakuna tofauti hata ya nukta. Vyote viwili ni mfuatano wa herufi ndani ya elementi ya `description`, inayobeba habari yenyewe kwenye RSS.

Sisi wa Tanga tumekulia karibu na mkonge, kwa hiyo mfano tunao. Jani la mkonge lina nyuzi ndani yake, lakini huwezi kusokota kamba kwa jani. Mpaka lipite kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, nyama ya jani itoke, nyuzi zibaki. HTML iliyomo ndani ya mlisho ni jani. Tagi zimo, ila hazijawa tagi mpaka kichanganuzi kingine kizisome upya kama HTML. Swali la kujiuliza kila unapokwama ni hili: korona yangu iko wapi? XSLT 1.0 yenyewe haina.

Dhana: tatizo ni `value-of`, tumia `copy-of`.

Kwa RSS haisaidii. `value-of` hutoa maandishi tu; `copy-of` inanakili matawi ya mti, yaani elementi jinsi kichanganuzi kilivyozipanga, na ndani ya `description` hakuna tawi, kuna maandishi. Atakayenakili maandishi atapata maandishi.

Atom, ambayo ni aina nyingine ya mlisho, ni habari nyingine, na hapa aliyetoa ushauri huo ana haki kidogo. Kanuni zake, RFC 4287 ya Desemba 2005, zinampa mwandishi wa mlisho sifa ya `type` ya kusema ameweka nini, kwa mfano `text`, `html` au `xhtml`. Ikiwa ni `xhtml`, ndani ya `content` kuna `div` moja yenye matawi halisi, na `copy-of` inayachukua yote bila hila yoyote. Ukiona bado ukurasa mtupu, angalia jina la ukoo (namespace) wa elementi. Kwenye Atom `entry` haiitwi `entry` tu. Ni ya ukoo wa `http://www.w3.org/2005/Atom`, na faili lako la XSLT lisipoutaja ukoo huo halitaiona kabisa. Nimeshuhudia mtu akipoteza siku mbili kwa hili.

Dhana: tafuta `&lt;` ubadilishe iwe `<`.

Kichanganuzi kikishausoma mlisho, `&lt;` haipo tena. Kwenye mti kuna alama ya `<`, herufi ya kawaida kama k au m. Ni wakati wa kuandika matokeo ndipo XSLT inapoirudisha kuwa `&lt;`, kusudi isidhaniwe kuwa mwanzo wa tagi. Anayeitafuta katikati ya safari anamtafuta abiria aliyekwisha kushuka. Isitoshe, XSLT 1.0 haina `replace()`, na `translate()` yake hubadilisha herufi mojamoja tu.

Ila ukiona `&lt;p&gt;` yenyewe imeandikwa kwenye kioo, hapo kuna kosa jingine: aliyetengeneza mlisho amefunga mara mbili, ikawa `&amp;lt;`. Hilo lirekebishwe kwake.

Dhana: weka `disable-output-escaping="yes"`, kazi imekwisha.

Nami niliiweka. Simu ya shangazi ikanyooka, bei zikakaa vizuri, nikafurahi. Nilipofungua kwa Firefox kwenye kompyuta yangu, mishale ilikuwa palepale.

Sababu yake inafaa kueleweka. Sifa hiyo inaagiza: wakati wa kuandika matokeo, usiibadilishe `<`. Maana yake lazima kuwe na hatua ya kuandika. Programu ya `xsltproc` inaandika faili, kwa hiyo inatii. Chrome huyaandika matokeo kama maandishi kisha huyasoma upya kama HTML, na hapo ndipo korona ilipojificha. Firefox kwa miaka mingi ilijenga mti wa ukurasa moja kwa moja bila kuandika chochote, kwa hiyo haikuwa na kitu cha kutobadilisha. Wala haikuvunja sheria. Waraka wa XSLT 1.0, uliotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Novemba 16, 1999, unasema wazi kwamba programu hailazimiki kuitii sifa hii, na XSLT 2.0 ya mwaka 2007 ikaihesabu miongoni mwa mambo ya kuachwa.

Tena hata inapotii ina madhara. Asubuhi moja mwandishi wa bei alisahau kufunga `<b>` kwenye habari ya kolekole. Kuanzia hapo ukurasa mzima ukawa wa herufi nene, mpaka bei ya dagaa chini kabisa.

Dhana: JavaScript kidogo inamaliza yote, na haina hatari.

Njia yenyewe inafanya kazi: XSLT inaweka maandishi ndani ya `div`, kisha JavaScript inayasoma na kuyarudisha kwa `innerHTML`, ambayo huyasoma upya kama HTML. Hiyo ni korona halali, na kila kivinjari kinayo.

Hatari ipo. Watu husikia kwamba `<script>` iliyoingizwa kwa `innerHTML` haitekelezwi, nayo ni kweli, wakatulia. Lakini `<img src="x" onerror="...">` inatekelezwa bila shida. Mlisho ukitoka kwa mtu mwingine, umemkabidhi ufunguo wa ukurasa wako na wa wasomaji wako. Hili naliomba kwa kila ninayemfundisha: chuja kwanza. DOMPurify, maktaba ya JavaScript, inafanya kazi hiyo vizuri. Inabakiza tagi na sifa zinazoruhusiwa na kuondoa zilizobaki.

Dhana: `&nbsp;` inakubalika popote.

XML inazijua alama tano tu za namna hii: `&lt;`, `&gt;`, `&amp;`, `&quot;` na `&apos;`. Ukiiacha `&nbsp;` nje ya CDATA bila kuitangaza, mlisho mzima haufunguki. Andika `&#160;`.

Dhana: XSLT inaondolewa, kwa hiyo usihangaike nayo.

Mwaka 2025 watengenezaji wa Chrome walitangaza mpango wa kuiondoa XSLT kwenye kivinjari chao. Kinachoondoka ni mgeuzo unaofanyika ndani ya kivinjari. Kwenye seva XSLT inaendelea kama kawaida, na kwa maoni yangu huko ndiko ilikostahili kuwa tangu mwanzo. Kwenye seva unaweza kuipitisha `description` kwenye kichanganuzi cha HTML, ukaichuja, ukapata matawi halisi, ndipo XSLT ianze kazi. Hapo `copy-of` inatosha.

Bei za kikundi cha shangazi nimezihamishia huko. Mlisho ni uleule wa RSS 2.0 na faili la XSLT limebadilika mistari minne. Seva inatoa ukurasa wa HTML wa kawaida saa kumi na mbili asubuhi, mashua zikiwa bado zinashusha.