Shorewanda: mtazame chini ya mkia

Kazi yangu ni ndege, na hapa Tanga swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: yule ndege wa kichwa cheusi anayetuamsha alfajiri ni nani? Karibu kila mara ni shorewanda.

Watu humtazama kichwa, na hapo ndipo wanapopotea, maana ndege wenye vichwa vyeusi ni wengi. Subiri ageuke. Chini ya mkia, pale unapoanzia, ana manjano iliyokolea kama binzari. Kwingineko hana makuu: mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, kishungi kifupi, urefu wa sentimita 20 hivi. Dume na jike wanafanana, usihangaike kuwatenganisha. Kitaalamu anaitwa Pycnonotus tricolor, ingawa vitabu vingi bado vinamhesabu ndani ya Pycnonotus barbatus.

Ila mimi humtambua kwa sikio kwanza. Wimbo wake ni mfupi, wa kukatakata, na huanza kabla hakujapambazuka. Sauti ikigeuka ikawa ya kufoka, ya haraka, isiyokoma, acha unachofanya ukaangalie. Ameona adui: nyoka, paka au bundi. Siku moja walifoka kwenye mwembe wangu mpaka chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, nao wakaja kusaidia. Nilizunguka shina mara tatu ndipo nikamwona bundi, amejibana kwenye panda, macho nusu yamefumba. Bila wao nisingejua yupo.

Najua wakulima wanamlalamikia kwa mapapai na mapera anayodonoa, na hasara hiyo ni ya kweli. Lakini anakula wadudu pia, na mbegu anazomeza huzitupa mbali na mti mama. Ule mche wa pilipili kichaa uliojiotea chini ya ua bila kupandwa na mtu, huenda mpanzi ni yeye. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi.

Kinachonisumbua ni kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa pwani nzima. Wanakula mayai na makinda. Kiota cha shorewanda ni kikombe chepesi cha nyasi na vijizizi, mayai mawili au matatu, na kikiwa mahali peupe hakidumu. Ndiyo maana ua wangu wa mchongoma siupunguzi wakati wa kutaga. Sasa hivi kuna kiota ndani yake, na jike ameshaanza kuatamia.