Umeshanunua paneli? Subiri kwanza

Kila yanapokaribia maonyesho ya sayansi ya shule, simu yangu haipumui. "Fundi, kijana anataka kutengeneza ndege ya sola. Paneli ninayo tayari, tunaifungaje?" Nami huuliza: ndege yenyewe inahitaji kusukumwa kwa nguvu kiasi gani? Kimya.

Basi anzeni bila sola. Kateni ndege kwa lile povu jeupe linalokuja kwenye katoni ya televisheni, mbawa mgundishe kwa gundi ya mbao (supagluu hulila povu hilo, nimeshapoteza mabawa mawili). Iwekeeni vipande vya udongo mpaka ifikie uzito itakaokuwa nao ikibeba mota na paneli, na mvisogeze mpaka ielee bila kupiga pua. Mtoto asimame ukumbini pasipo na upepo, aiachie taratibu kutoka kimo cha mita 2, kisha apime ilikotua. Ikienda mita 8, maana yake kwa kila mita inayoshuka inasonga mita 4. Gawanya uzito kwa 4: ndege ya gramu 80 inataka msukumo wa kama gramu 20 ili isishuke. Arudie mara kumi, achukue wastani. Hiyo ndiyo namba ya kwanza, na haijagharimu kitu.

Namba ya pili ni kile jua linachoweza kutoa. Saa sita mchana, anga likiwa jeupe, mita moja ya mraba hupokea takriban wati 1,000, na paneli nzuri hugeuza kama moja ya tano kuwa umeme. Bawa la sentimita 60 kwa 15 likifunikwa lote halizidi wati 18, na hizo ni za kwenye karatasi. Vile vipaneli vidogo vigumu vya dukani hutoa pungufu, tena ni vizito.

Hapa ndipo simu ya pili huingia. "Fundi, testa inasoma volti 6 lakini mota haizunguki. Nimeuziwa feki." Si feki, mama. Testa haivuti umeme wa maana, ndiyo maana volti zinapendeza. Mota inapoanza kuzunguka hutaka ampea (kipimo cha umeme unaopita kwenye waya) nyingi kwa mkupuo, paneli haina uwezo wa kutoa zaidi ya ilichopewa na jua, basi volti zinaporomoka. Zungusha rafadha (yale mapanga yanayozungushwa na mota) kwa kidole, mara nyingi inashika. Ndiyo sababu msichague paneli kwa volti peke yake. Someni na ampea.

Msukumo upimeni kwa mizani ya jikoni. Fungeni mota juu ya kipande cha mbao, rafadha ipulize hewa kwenda juu, muweke sifuri, kisha muunganishe paneli juani. Gramu zitakazoongezeka ndizo msukumo wenu. Mkiigeuza ipulize chini, upepo utapiga mizani yenyewe na kuwadanganya.

Hata wakubwa wanabanwa na hesabu hiyohiyo. Zephyr, ndege ya sola isiyo na rubani iliyoruka kutoka Kenya Februari 2025 na kukaa angani siku 67, ina mabawa ya mita 25 lakini uzito wake hauzidi kilo 75, pungufu ya mtu mzima mnene.

Mwaka mmoja nilimsaidia binti wa darasa la sita. Ndege yake haikuruka. Aliining'iniza kwa uzi kwenye mti wa ufagio, ikawa inazunguka polepole, na wingu likipita inasimama. Jaji akamuuliza, "Mbona hairuki?" Akafungua daftari: "Inahitaji gramu 22, mwalimu. Jua la saa nne linanipa 9, la saa sita 14. Nikiegemeza paneli nyuzi 60 kutoka kwenye jua, hata mota haianzi." Jaji akavuta kiti, akakaa.