Kuloweka peke yake hakupindi ubao

Wengi wanaounda majahazi madogo ya mapambo huamini kwamba ubao mwembamba ukilowekwa usiku kucha utakubali kupinda. Imani hiyo ina msingi: ubao uliolowa kweli hunyumbuka kuliko mkavu. Ila kazi kubwa hufanywa na joto, ambalo hulainisha lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Maji hulipenyeza joto ndani na kufanya lignini ilainike mapema zaidi.

Unaweza kujaribu. Chana vipande viwili kutoka ubao mmoja, uviloweke vyote, kisha kimoja ukipinde taratibu juu ya pasi ya moto. Vifunge kwenye chupa hadi vikauke. Ukivifungua, kilichopitia pasi kwa kawaida hushika mkunjo vizuri zaidi. Ubao wenye vifundo usijisumbue nao, hukatika tu.