Kazi ya jamii si kuachiliwa huru

Hapa Kisumu, aliyeiba simu akionekana anafyeka nyasi kwenye zahanati, utasikia watu wa Kibuye wakilalamika: "Korti imemwachilia, angepelekwa jela ya Kodiaga." Hajaachiliwa. Amehukumiwa kwa sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, inayogusa makosa ambayo kifungo kinachofaa hakizidi miaka 3. Anafanya kazi bila malipo, afisa wa probesheni akimfuatilia. Akihepa, hakimu anaweza kumfunga.

Wengi pia huamini miezi michache ndani ingemnyoosha zaidi. Uchunguzi wa Wizara ya Haki ya Uingereza wa 2019 ulikuta kinyume: kule Uingereza na Wales, waliofungwa chini ya mwaka mmoja walirudia makosa zaidi kuliko wenzao wa aina hiyo hiyo waliopewa adhabu za nje. Kwangu si ajabu. Miezi mitatu inatosha kupoteza kibarua na chumba cha kupanga Nyalenda, lakini haitoshi kujifunza useremala.

Na mwenye simu, ambaye ndiye namhurumia hasa? Hakimu anaweza kuamuru alipwe fidia, na mtu aliye nje na kibarua chake ana pa kuitoa. Wizi wa mabavu ni kesi nyingine kabisa, haumo humu.