Dojo huhesabu kumi, muziki huhesabu nane

Darasa langu la kwanza la ngumi na mateke kwa muziki nililiharibu ndani ya dakika tatu. Nilikuwa na mkanda mweusi, sauti ya kujaza ukumbi mzima, na wimbo wa bongo fleva niliouchagua mwenyewe. Nikaanza kuhesabu kwa Kijapani kama nilivyozoea miaka yote dojoni, ukumbi wetu wa karate: ichi, ni, san, shi, mpaka ju. Yaani kumi. Tulipofika nane wimbo ukageuka, na wanawake 14 waliokuwa mbele yangu wakabadili mkono bila kuambiwa, kwa sababu miili yao ilisikia mgeuko. Mimi peke yangu nikabaki nasukuma ngumi ya tisa na ya kumi hewani. Dada mmoja wa mstari wa nyuma alicheka mpaka akakaa chini.

Muziki wa kuchezeka huenda kwa nne na kwa nane. Dojo huenda kwa kumi. Jambo dogo hilo, lakini hakuna aliyenifundisha, na miaka kumi na tano ya kurusha mateke haikunisaidia kuligundua. Siku hizi hunijia vijana waliomaliza mashindano, medali bado zinaning'inia ukutani kwao, wakiniuliza: "Sensei, nikifungua jimu itanilipa?" Badala ya kuwajibu, huwasimulia habari za Billy Blanks, bingwa wa karate wa Marekani aliyegeuka mwalimu wa mazoezi. Safari hii naziandika ili nisirudie.

Huyo bwana mimi nilianza kumjua kwa ubaya. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha video, na humo ndimo nilimwona akicheza adui aitwaye Khan, katika filamu moja ya mateke ya mwaka 1990. Jitu la misuli, linageuka hewani kama pia, ukumbi mzima tunalichukia. Miaka michache baadaye shangazi yangu akaletewa kaseti ya mazoezi na jamaa aliyetoka Uarabuni. Akaiweka. Khan yule yule kasimama mbele ya akina mama, anatabasamu, anahesabu, jasho linamtoka kama wao. Nilibisha kabisa kwamba ni mtu mmoja.

Blanks alizaliwa Septemba 1955 Erie, mji wa kando ya ziwa jimboni Pennsylvania, Marekani, mmoja wa watoto 15. Alikuwa na hitilafu ya nyonga iliyomsumbua katika kutembea na kucheza, na kusoma kulimshinda. Kwamba ana disleksia, hitilafu inayofanya kusoma kuwe kugumu, kuligundulika akiwa mtu mzima tayari. Karate aliitamani baada ya kumwona Bruce Lee kwenye runinga akicheza mhusika Kato, katika tamthilia ya miaka ya 1966 na 1967. Mwaka 1975 akatwaa ubingwa wa karate wa AAU, chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani, baadaye akawa nahodha wa timu ya karate ya nchi hiyo, na kwenye masumbwi ya ridhaa akashiriki mashindano ya Golden Gloves.

Wasifu wake humtaja kuwa bingwa wa dunia mara saba. Nisemee hilo kidogo kama mtu wa ndani: katika karate, "bingwa wa dunia" ni neno la kuulizia. Mashirikisho yalikuwa mengi na kila moja lina dunia yake, kwa hiyo ukikuta mtu ana mataji saba, muulize kwanza ni ya shirikisho gani. Hilo halimpunguzii Blanks chochote. Mtu mwenye nyonga mbovu aliyefika hapo alikuwa fundi kweli kweli.

Lakini ufundi ule haukumlisha. Karate ya ridhaa haina mshahara, na kombe halilipi kodi ya nyumba. Mwaka 1988 alikuwa Manila akifanya kazi ya kumlinda mwigizaji Catherine Bach wakati wa kupiga filamu, na huko ndiko alikopata upenyo wa kuigiza. Nikisoma hapo huwa natabasamu, maana nawajua wenzangu wangapi wenye mikanda myeusi ambao usiku ni mabaunsa mlangoni mwa kumbi za muziki. Ukishinda sana, unapewa mlango wa kulinda. Na mimi nimesimama mlangoni hapo, miaka miwili.

Kitu chenyewe kilichomtoa alikuwa nacho tangu miaka ya 1970: mazoezi ya mateke na ngumi yanayoendeshwa kwa muziki. Mwanzo aliyaita Karobics, kwa kuunga karate na aerobiki. Baadaye yakawa Tae Bo, "tae" ya taekwondo na "bo" ya boksingi. Alipohamia Los Angeles akafungua ukumbi Sherman Oaks, watu maarufu wakaanza kuja, mwimbaji Paula Abdul akiwa miongoni mwao, na mwaka 1998 matangazo marefu ya kaseti zake yakajaa kwenye runinga za Marekani. Seti zilizouzwa zilihesabiwa kwa mamilioni.

Sasa tazama alichokibeba na alichokiacha. Kilichompa Blanks medali ni jicho la kuona upenyo, hesabu ya umbali, kujua uingie lini, na moyo wa kusimama mbele ya mtu anayetaka kukuangusha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoingia kwenye Tae Bo. Alimtoa mpinzani. Na ukimtoa mpinzani kwenye karate, kinachobaki ni kihon, yale mazoezi ya msingi: ngumi ile ile mara mia, teke lile lile mpaka paja liwake moto, kwa hesabu, mstari mmoja, bila kuongea. Ndicho kipindi ambacho kila mwanafunzi wa dojo hukichukia. Alichukua hicho cha kuchosha, akakikata vipande vya nane, akakitia muziki.

Maoni yangu mimi, na sina shahidi, ni kwamba mtu aliyeshindwa kusoma ubaoni ndiye aliyefaa kulifanya. Maisha yake yote alijifunza kwa kuona na kusikia, basi akafundisha kwa kuona na kusikia. Mimi niliyezoea maelezo, darasa la kwanza nilisimamisha muziki mara nne kueleza jinsi ya kukaza kiuno. Jasho la watu likakauka wamesimama wananitazama.

Kuna kingine ambacho bingwa lazima akivue: pumzi yake. Pambano la karate ni dakika chache, na sehemu kubwa ya dakika hizo unazunguka, unasubiri, kisha unalipuka sekunde moja au mbili. Bondia ana raundi, halafu kengele na kiti. Miili yetu imezoeshwa kulipuka na kusubiri. Mama wa miaka 45 aliyeambiwa na daktari apunguze presha hahitaji kulipuka. Anahitaji moyo wake upande, ukae pale pale dakika 30 au 40, kisha ushuke taratibu. Kwa ile hesabu ya kukisia tunayotumia, 220 toa umri, kilele chake ni mapigo 175 kwa dakika. Robo tatu yake ni kama 131. Mimi hata simpimi kwa mashine. Namuuliza, "Mama, watoto hawajambo?" Akijibu sentensi nzima huku akihema, tuko sawa. Akijibu kwa kichwa, napunguza kasi. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliwaendesha kama wapiganaji, na wiki ya pili ukumbi ulikuwa nusu.

Tuje kwenye viungo, maana hapa ndipo ubingwa unapogeuka hatari.

Ngumi ya kwenye begi husimamishwa na begi. Ngumi ya hewani haina wa kuisimamisha. Mpiganaji aliyekomaa huikamata mwenyewe: msuli wa mbele wa mkono unafunga breki kabla kiwiko hakijanyooka mpaka mwisho, na hafikirii hata kidogo kwamba anafanya hivyo. Mgeni hana breki hiyo. Anatupa mkono, na kinachousimamisha ni mfupa wa kiwiko kugonga mwisho wa njia yake. Mara moja si kitu. Lakini piga hesabu: wimbo wa dakika 4 wenye mapigo 130 kwa dakika una mapigo 520. Ukipiga ngumi kila pigo la pili, ni ngumi 260 kwa wimbo mmoja. Mkabidhi na vyuma vya mkononi, kama nionavyo kwenye baadhi ya madarasa, na kesho yake hashiki ufagio. Kwangu vyuma havigusi ngumi. Na ngumi ya kwanza kabisa ninayofundisha ni ya kurudisha: nawaambia wavute mkono kama wamegusa sufuria la moto. Anayefikiria kurudisha hawezi kutupa.

Goti ndilo lililonifundisha adabu. Mawashi geri, lile teke la kuzungusha kutoka ubavuni, halianzi kwenye mguu unaopiga. Linaanza kwenye mguu uliosimama. Kisigino chake kinatakiwa kigeuke kielekee unakopiga, nyonga ifunguke, ndipo goti la mguu wa pili lipande. Kisigino kisipogeuka, nyonga na kiwiliwili vinageuka, wayo umebaki ulipo, na aliye katikati yao ni goti. Goti limeumbwa kukunja na kunyoosha, kuzungushwa si kazi yake.

Dojoni hili halikunisumbua hata siku moja, na nilichelewa sana kujua kwa nini. Dojoni tuko peku. Sakafu laini, unyayo unateleza wenyewe. Kwangu watu walikuja na raba za kukimbilia, zenye soli ya kung'ang'ania chini, juu ya zulia la plastiki. Nikawapa mawashi geri kwa mapigo 140. Mama mmoja, mtu mzima tunayemwamkia shikamoo, alipiga la sita nikasikia mwenyewe goti lake likilia. Hakuanguka. Aliniambia tu, "Mwanangu, hapa pameshika." Wiki tatu hakuja, na kosa lilikuwa langu, la raba halikuwa. Alikuwa akinifuata mimi, na mimi nilikuwa nikionyesha teke la usawa wa kichwa.

Sasa teke hilo nalifundisha kwa vipande, bila muziki, na bila viatu. Kwanza kisigino peke yake: nyanyua kidogo, geuza, rudisha. Dakika tano za kisigino tu, wanalalamika. Kisha goti linapanda ubavuni na kushuka, hakuna kupiga. Mguu wa mbele unafunguka siku nyingine kabisa, na haupiti usawa wa paja. Muziki ukirudi, haupiti mapigo 130. Mwenye goti bovu anapiga mae geri, teke la mbele, ambalo halimdai kugeuka. Yule mama alirudi, na leo kisigino chake ni kizuri kuliko cha vijana wawili ninaowaandaa kwa mashindano.

Hapo ndipo ninapomwona Blanks kwa macho mawili. Ukumbini Sherman Oaks mwalimu alikuwepo: anapita katikati ya watu, anasahihisha bega, anakuona umechoka. Kaseti haina macho. Inakwenda kwa kasi yake, na aliye sebuleni Ohio, au sebuleni kwa shangazi yangu, anaifukuzia. Wakati wimbi limepamba moto, mwaka 1999, Baraza la Mazoezi la Marekani, ACE, liliwapima watu wakifanya mazoezi ya aina hii. Likakuta saa moja huchoma kalori kati ya 350 na 450, wakati matangazo yalikuwa yakizungumzia 500 mpaka 800. Wengi waliona hiyo ni aibu kwa Tae Bo. Mimi naona 400 kwa saa, kwa mtu ambaye jana alikuwa kwenye kochi, ni kazi nzuri sana. Aibu ni ya yule aliyeandika 800. Shangazi yangu hakupungua hata kilo nne, lakini aliifanya kaseti ile mpaka utepe ukakatika, na ngazi za ghorofani kwake akaacha kuzilaani.

Kwa kijana mwenye medali, basi, jibu ni hivi. Medali itawaleta watu siku ya kwanza, nao watapiga picha na wewe. Siku ya tatu wanataka kujua kama umeliona goti lao. Kajifunze anatomia kwa mtu anayeijua, kaa nyuma ya darasa la mwalimu wa aerobiki mwezi mzima ukihesabu nane kimoyomoyo, na ukubali kufundishwa na dada ambaye hajawahi kupigana hata na mdogo wake. Mimi wa kwangu alinicheka mpaka akakaa chini. Baadaye nilimwomba awe anaongoza muziki, na hadi leo hesabu ni yake, mateke ni yangu.

Siku hizi wateja wananiomba niwarekodie mazoezi niyatume kwenye kundi la WhatsApp, wafanye wakisafiri. Ngumi nimewarekodia, na kupasha misuli moto, na mae geri. Mawashi geri sijarekodi. Wananinung'unikia kwamba ndilo tamu. Anayelitaka namwambia aje Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, raba aziache mlangoni.