Ramani ya bure na GPS yako Usambara

Baadhi ya wapanda milima Tanga huamini kuwa ramani ya bure kwenye GPS ya mkononi hukosea mahali ulipo. Lakini mahali ulipo hupatikana kwa setilaiti; ramani ni mchoro tu ulio chini ya alama yako. Kontua (mistari ya mwinuko) za ramani nyingi za bure zilitokana na vipimo vya rada vya mwaka 2000, nukta zikiachana mita 30 hivi. Korongo jembamba laweza kufichika, na penye msitu mnene kama Amani rada husoma karibu na vilele vya miti, si ardhi yenyewe. Hapo tahadhari ni ya haki. Njia huchorwa na watu wa kujitolea, nyingine hazimo. Simama Irente, ukingo wa mlima karibu na Lushoto, penye anga wazi, uone kama alama imekaa juu ya njia unayoikanyaga.